Kukusanya Vitabu vya Safari za Kale Ukiwa Eastlands

Kabla hujatoa hata shilingi kununua kitabu cha kale, nenda Archives, yaani Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Watu wa Umoja, Kayole na Buruburu hupatana pale kila siku, kati ya Moi Avenue na Tom Mboya, lakini wengi wao hawajawahi kuvuka mlango. Ghorofa ya chini ina vinyago, mapambo na nguo alizokusanya Joseph Murumbi. Vitabu vyake vya kale navyo vilikabidhiwa taasisi hiyo, takriban 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Murumbi alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba yake Mgoa na mama yake Mmaasai. Alikuwa waziri wa mambo ya nje, na mwaka 1966 akashika umakamu wa rais kwa miezi michache kisha akajiuzulu. Miaka ya 1970 aliiuzia serikali makusanyo yake ili yabaki Kenya. Mtu akikuambia kwamba kusaka vitabu vya Burton na Stanley ni starehe ya wazungu wa Karen, mtajie jina hilo.

Jiandikishe kama mtafiti, uombe kuonyeshwa kimoja au viwili. Usikimbilie kusoma. Kifungue pole pole utazame nyuzi za mshono, ramani inavyokunjwa na kukunjuliwa, rangi ya karatasi ya miaka 140, na tofauti ya kitambaa cha kiwandani na ngozi iliyobandikwa kwa mkono. Vidole vikishazoea kitu halisi, muuzaji wa barabarani hatakudanganya kirahisi, wala yule wa mtandaoni mwenye picha nzuri.

Chagua njia moja

Vitabu vya wasafiri waliokuja Afrika Mashariki katika karne ya 19 ni vingi kuliko kabati lolote la nyumba ya vyumba viwili. Asiyechagua njia hununua kila anachokutana nacho, na baada ya muda huwa na rundo lisilo na kichwa wala miguu.

Njia ya kwanza ni ile ya kutoka pwani kwenda bara kupitia nchi inayoitwa Kenya leo. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Kitabu chake cha Kiingereza kilitoka London mwaka 1860. Charles New alifuata mwaka 1873, Joseph Thomson na Through Masai Land mwaka 1885, Ludwig von Höhnel na juzuu zake mbili za safari ya kuelekea ziwa tunaloliita Turkana mwaka 1894, kisha mwanajiolojia J. W. Gregory na The Great Rift Valley mwaka 1896. Ukivipanga hivyo vitano kwa mfuatano, unaona ramani ikijaa kitabu baada ya kitabu. Njia ya pili ni ya reli na walowezi: Charles Eliot mwaka 1905, J. H. Patterson na simba wake wa Tsavo mwaka 1907, Winston Churchill mwaka 1908. Hivi ni rahisi kuvipata, na kwa maoni yangu vina ladha ndogo.

Njia ninayokusihi uifikirie ni ya tatu: vitabu vinavyowataja walioibeba safari yenyewe mabegani. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India kisha akarudi Zanzibar, yumo katika kurasa za Burton, Speke, Stanley na Cameron. Ukimfuata yeye, unapata wasafiri wanne kwa mpigo. Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, ndiye aliyeijua njia ya Umaasai kabla ya Thomson kuiandika. Chuma na Susi waliubeba mwili wa Livingstone hadi pwani, kisha wakaenda Uingereza kumsaidia Horace Waller kuzihariri The Last Journals zilizotoka mwaka 1874. Mwishoni mwa Through the Dark Continent, kilichotoka mwaka 1878, Stanley aliweka orodha ya majina ya watu waliorudi naye Zanzibar. Wauzaji wa London huikagua ramani ya kitabu hicho kwa makini wakaipita orodha ile. Wewe unayesoma majina ya Kiswahili bila kukwama, una macho ambayo wao hawana.

Tena jambo hili ni la mitaani kwetu. Kariokor ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kijiji cha zamani cha Pangani, kilichokuwa na Waswahili wengi, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wenyeji wakahamishiwa Shauri Moyo. Watu wa misafara hawakuishia kwenye ramani za wazungu. Baadhi yao walizeeka hapa, na wajukuu wao wanapanda matatu nawe.

Ndani ya njia hii ya tatu kuna hazina ambayo wakusanyaji wengi wanaikosa, nayo ni safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Carl Velten alizikusanya akazichapisha Göttingen mwaka 1901 kwa jina Safari za Wasuaheli. Humo Selim bin Abakari anasimulia jinsi alivyofuatana na Mjerumani Theodor Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Mswahili ameketi huko Siberia, anawatazama wenyeji, anaandika chakula chao na mavazi yao, kama vile Wazungu walivyokuwa wakituandika sisi. Ningekipa kitabu hicho nafasi ya kwanza kabatini mbele ya Stanley yeyote mwenye ngozi na dhahabu. Ukikitafuta kwa wauzaji wa Ujerumani, pitia pia kundi la vitabu vya lugha, maana hakikai na vya safari kila mara. Tafsiri ya Kijerumani ya mwaka huohuo inaitwa Schilderungen der Suaheli, usivichanganye vitabu hivyo viwili. Kama bei itakushinda, Lyndon Harries alizitoa tena baadhi ya simulizi hizo katika Swahili Prose Texts mwaka 1965, kitabu ambacho bado huonekana kwenye mafungu ya mitumba mjini.

Ongeza hapo maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, kwa maneno yake mwenyewe, yaliyotolewa tena Nairobi na East African Literature Bureau mwaka 1966, na Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza cha Martin Kayamba, cha mwaka 1932. Vijitabu hivi vina majalada ya karatasi. Having'ari. Wenye nyumba walivitupa kwa sababu hiyo hiyo, na ndiyo maana leo ni adimu kuliko vingi vya ngozi.

Ngozi na kitambaa

Wengi huanza kwa kupenda ngozi, nami siwalaumu. Lakini elewa kwanza jinsi vitabu hivi vilivyouzwa. Kuanzia katikati ya karne ya 19, wachapishaji wa London walitoa vitabu vya safari vikiwa tayari na majalada ya kitambaa yaliyopigwa mapambo ya dhahabu: tembo, ngao, minazi, shujaa mwenye mkuki. Ngozi ilikuja baadaye, kwa matakwa ya mnunuzi. Tajiri alipeleka nakala yake kwa fundi ijalidiwe ifanane na nyingine katika maktaba yake. Shule zilijalidi vitabu kwa ngozi ya ndama na kupiga nembo ya shule kwa dhahabu, zikavitoa kwa wanafunzi kama zawadi. Nakala nyingine zilivikwa ngozi miaka mia baadaye na wauzaji waliotaka kuficha jalada lililochakaa.

Matokeo yake humshangaza mgeni. Nakala ya My African Journey ya Churchill yenye kitambaa chake chekundu cha mwaka 1908, ile yenye picha yake amesimama kando ya kifaru, kwa kawaida huthaminiwa kuliko iliyovuliwa kitambaa na kuvikwa ngozi mpya. Ngozi ina thamani pale ambapo ni ya wakati wake na ina habari ya kusimulia: jina la fundi limepigwa kwa herufi ndogo ndani ya jalada, nembo ya mwenye kitabu, au toleo lililotengenezwa maalumu tangu mwanzo. Mwaka 1890 Stanley alitoa nakala 250 za fahari za In Darkest Africa zenye sahihi yake. Hizo ni jambo lingine kabisa. Toleo la kawaida la kitabu hichohicho lilichapishwa kwa wingi mno hata leo halipaswi kukugharimu sana, hata muuzaji akikuapia kwa jina la mama yake.

Jihadhari zaidi na ngozi mpya zinazouzwa mtandaoni. Kuna watu wanaochapisha upya maandishi ya zamani kutoka kwenye picha za kompyuta, wakayavika ngozi na dhahabu, kisha tangazo likasema 1885. Mwaka huo ni wa maandishi, wala si wa kitabu unachoona. Muulize muuzaji swali moja tu: kitabu hiki, karatasi hizi, zilichapishwa mwaka gani? Akizunguka, ondoka.

Hesabu kila kitu

Ukipewa kitabu mkononi, anza nyuma. Ramani kubwa za kukunja mara nyingi zilibandikwa mwishoni au kuwekwa kwenye mfuko ndani ya jalada, nazo ndizo za kwanza kuraruka au kuibwa na wauzaji wa picha za ukutani. Kisha rudi mbele utafute orodha ya michoro, uipitie mchoro kwa mchoro, kidole kwenye orodha na kidole kwenye ukurasa. Kitabu cha Burton kisicho na ramani ni nusu kitabu, hata mgongo wake uwe wa dhahabu tupu.

Hapa simu yako ina kazi kubwa. Internet Archive ina picha za kurasa zote za vitabu vingi nilivyovitaja, bure. Ukiwa umesimama kando ya barabara, fungua nakala ile ya mtandaoni uilinganishe na uliyoishika: anwani, mwaka, maneno ya toleo, idadi ya kurasa, michoro. Tazama pia kurasa za matangazo ya mchapishaji mwishoni. Zikiwa na mwaka wa baadaye kuliko ule wa ukurasa wa anwani, nakala hiyo ilijalidiwa baadaye. Madoa ya kahawia kwenye karatasi ni ya kawaida, usiyaogope sana. Harufu ya ukungu iogope.

Pa kutafuta

Wauza vitabu vya mitumba wa katikati ya mji wengi hukusanya vya shule na riwaya. Cha kale huwafikia kwa bahati, familia inapohama au mzee anapofariki na watoto kusafisha nyumba. Kwa hiyo urafiki ndio mtaji. Mwachie muuzaji namba yako na umwambie waziwazi unachotaka: vitabu vya kabla ya 1914, vya safari, vyenye ramani. Ukimwambia tu "vya zamani", atakuletea ensaiklopidia za miaka ya 1970. Atakuambia, "Kastama, hii ni antiki," nawe cheka naye, mnunulie chai, usinunue.

Usiwasahau wanaonunua karatasi kwa kilo. Mizigo ya vitabu kutoka nyumba za zamani za Ngara, Pangani na Eastleigh huweza kupitia mikononi mwao kabla ya kugeuka vifungashio vya njugu. Wahi asubuhi. Lipa kidogo zaidi ya bei yao ya kilo, nao watakukumbuka.

Nje ya nchi, nyumba kama Maggs na Quaritch za London zina historia ndefu katika vitabu vya safari, na orodha zao zinafundisha hata usiponunua. AbeBooks hukupa bei zinazoombwa na wauzaji, ambazo si bei zinazolipwa; bei iliyolipwa utaipata kwenye matokeo ya minada. Kabla ya kuagiza, hesabu usafirishaji na malipo ya forodha, maana kitabu cha juzuu mbili ni kizito na gharama ya kukileta yaweza kukipita chenyewe.

Kwa anayeanza na mfuko mwembamba, kuna matoleo ya marudio yaliyotolewa London na Frank Cass miaka ya 1960. Krapf na Thomson walirudishwa mwaka 1968, kila kimoja kikiwa na utangulizi mpya wa mwanahistoria. Majalada yake ni ya kawaida, lakini maandishi yamekamilika na utangulizi wake utakufundisha mengi kuliko muuzaji yeyote. Anza na hayo. Ukishasoma Thomson mzima, utajua kama kweli unamtaka wa mwaka 1885 au ulitamani kitambaa chake tu.

Mihuri

Fungua kurasa za mwanzo, ukurasa wa anwani na wa mwisho, utafute mihuri. Muhuri wa maktaba usio na muhuri wa kuondolewa kwenye maktaba ni ishara ya wizi mpaka ithibitishwe vingine. Maktaba ya McMillan pale Banda Street, iliyofunguliwa mwaka 1931 na kuwafungia Waafrika mlango hadi 1958, ina vitabu vingi vya aina hii. Matawi yake ya Kaloleni na Makadara yako humu mitaani kwetu. Ukikuta kitabu chao barabarani, kirudishe. Usikinunue kwa nia ya kukiokoa, maana unamlipa aliyekitoa.

Kisheria, ile Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inatafsiri vitu vya kale kuwa vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, ila imeviacha nje vitabu na hati. Kumiliki kitabu cha Krapf si kosa. Lakini ukipata maandishi ya mkono, barua za msafiri au daftari la misheni, hilo si suala la vitabu tena. Wapelekee wataalamu wa Archives walione kabla hujafanya lolote.

Kuvitunza ndani ya fleti

Nairobi ni rafiki wa vitabu kuliko Mombasa, ila nyumba zetu si rafiki. Mvua ya Aprili hupenyeza ukuta wa nje, vumbi huingia mchana kutwa, na jikoni iko hatua mbili kutoka sebuleni. Weka kabati kwenye ukuta wa ndani, mbali na jiko na dirisha la jua la jioni, na uache nafasi ya vidole vinne nyuma yake hewa ipite. Vitabu visibanane. Usivute kitabu kwa kukishika juu ya mgongo. Sukuma cha kushoto na cha kulia ndani kidogo, ukishike cha kati kwa mbavu zake.

Mende na wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha hupenda wanga uliomo kwenye gundi na kitambaa cha zamani. Kitabu kinachoingia nyumbani kutoka mzigo wa karatasi kikae peke yake kwanza. Ukiona unga au matundu mapya, kifunge ndani ya nailoni nzito inayouzwa kwa mita katika hadwea, toa hewa, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitoka, kiache kikiwa kimefungwa vilevile hadi kipate joto la chumba, la sivyo unyevu utaganda juu ya ngozi.

Ngozi iliyozeeka hutoa unga mwekundu unaochafua mikono. Usiipake rangi ya viatu. Usiipake mafuta ya nazi wala ya kujipaka, kwa kuwa huongeza uchafu na kuifanya iwe nyeusi. Kifute kitabu vumbi kwa brashi laini, kisha kipatie sanduku. Hilo ndilo jambo bora unaloweza kulifanya hapa Nairobi kwa pesa kidogo: mwombe fundi akutengenezee sanduku la kadibodi ngumu lililopimwa kwa kitabu hicho, lililofunikwa kwa kitambaa. Mafundi wa River Road wanaojalidi tasnifu za vyuo wanaweza kazi hiyo vizuri sana. Kitabu chenyewe usiwakabidhi bila masharti. Mashine yao ya kukatia husawazisha kingo za kurasa kwa sekunde moja, na karatasi iliyokatwa hairudi. Ramani ya kukunja ikibaki ndani, nayo hukatwa vipande. Mafundi wa ngozi wa soko la Kariokor nao wana mikono mizuri, lakini ngozi yao ni nene, ya kandambili na mikoba, haikunji vizuri kwenye mgongo wa kitabu. Waache watengeneze mfuko wa kubebea.

Gundi ya bomba, selotepu na stepla zisikaribie. Ukurasa uliochomoka uweke mahali pake ndani ya karatasi safi, usubiri fundi anayejua.

Andika orodha mapema, kabla vitabu havijafika kumi. Kila kitabu kipate karatasi yake: ulikipata wapi, bei, toleo, michoro iliyopo na iliyopungua, majina yaliyoandikwa ndani na wamiliki wa zamani. Piga picha za jalada, ukurasa wa anwani na kasoro zote, uzihifadhi mbali na nyumbani, ikitokea moto au wizi. Nakala moja ya orodha mpe mtu wa familia anayejua kusoma jedwali na asiye na haraka ya kuuza, na kando ya kila kitabu andika unakotaka kiende: nani nyumbani, muuzaji gani, au maktaba ipi. Kwa vile vya Kiswahili, Velten, Tippu Tip na Kayamba, andika Kaloleni au Makadara, na uzungumze na wahudumu wa huko sasa kuhusu namna wanavyopokea vitabu, ungali una nguvu ya kuvibeba mwenyewe.